ZIWA CHALA: SAFARI YA CHOMBO NDANI YA SHIMO LA MLIMA

Kila mwanafunzi wa Jiografia afikapo katika sura ya barafu hukutana na neno fiyodi. Kitabuni huona picha ya meli ndogo ikipita katika maji meusi, na kulia na kushoto kuta za mawe zimesimama wima hadi mawinguni. Wageni kutoka nchi nyingi hulipa fedha nyingi kwenda Norwei kupanda meli hizo. Mwanafunzi wetu huyakariri maelezo, huyaandika katika mtihani, kisha huyasahau, kwa kuwa adhani ni mambo ya mbali yasiyomhusu.

Makala haya yana nia mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba maji yenye kina kirefu yaliyozungukwa na kuta za mawe yapo hapa hapa kwetu Kilimanjaro, mwendo wa saa chache kutoka Moshi mjini. Maji hayo ni Ziwa Chala. Nia ya pili ndiyo kubwa zaidi. Twataka kuonyesha kwamba vitu viwili vyaweza kufanana sura, na huku asili zao zikawa mbalimbali kama moto na barafu. Mtu atazamaye sura tu, asiulize kuta zilijengwa na nini wala maji yametoka wapi, bado hajakijua kile anachokitazama.

FIYODI NI NINI?

Fiyodi ni bonde lililochongwa na barafu, kisha likaingiwa na bahari. Katika enzi za barafu theluji ilianguka juu ya milima ya kaskazini ya dunia, ikalimbikizana kwa maelfu ya miaka, ikashikana ikawa barafu nene. Uzito wake ukaifanya itelemke polepole kufuata mabonde, kama uji mzito utelemkavyo katika sinia lililoinamishwa. Chini yake ilibeba mawe na changarawe, na mawe hayo yakaisugua nchi kama msasa usuguavyo mbao.

Mto wa maji huchimba bonde lenye umbo la herufi V. Mto wa barafu hujaza bonde zima, kwa hiyo huchimba chini na pembeni pamoja, na bonde lake huwa na umbo la herufi U, lenye kuta wima na sakafu pana. Enzi ya barafu ilipokwisha, barafu iliyeyuka, bahari ikapanda, maji ya chumvi yakaingia ndani ya mabonde hayo. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko fiyodi zote za Norwei, yaingia ndani ya nchi kadiri ya kilomita 200, na kina chake ni mita 1,300 hivi. Jambo la kuzingatia ni kwamba fiyodi nyingi zina kizingiti mdomoni: pale barafu ilipofika mwisho wa nguvu zake haikuchimba sana, hivyo maji ya mdomoni ni haba kuliko maji ya ndani.

Je, Afrika Mashariki tunazo fiyodi? Barafu tulikuwa nayo, tena zamani ilishuka chini zaidi kuliko leo, katika Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori. Bonde la Teleki katika Mlima Kenya lina umbo la U, na yeyote alionaye hawezi kukana kwamba barafu ilipita hapo. Lakini barafu yetu ilikoma juu milimani. Haikufika baharini hata mara moja. Mabonde ya barafu tunayo, bali bahari ya kuyajaza hatuna.

Pwani nako kuna maji marefu yaingiayo ndani ya nchi, kama Kilindini na Mtwapa. Meli kubwa huingia Kilindini bila taabu. Lakini hayo nayo si fiyodi. Ni hori, yaani mabonde ya mito yaliyozama bahari ilipopanda. Barafu haikuyagusa kamwe. Basi twaona kwamba jina halitolewi kwa sababu ya sura tu. Jina hutolewa kwa sababu ya kilichofanya kazi.

NJIA YA KWENDA CHALA

Mtu atokaye Moshi hufuata barabara ya mashariki mpaka Himo, kisha Holili karibu na mpaka wa Kenya, halafu hugeuka kaskazini katika nchi ya chini ya Wilaya ya Rombo. Hapo hapafanani na Marangu au Mwika. Migomba imebaki juu mlimani. Huku chini ni nyasi, miti ya miiba na vumbi. Mvua ya mwaka mzima ni kadiri ya milimita 600, na jua ni kali. Mgeni hawezi kudhani kwamba karibu naye kuna maji mengi.

Mbele yake huona kilima kirefu kisicho na kilele, kama ukuta wa boma. Akikipanda mpaka ukingoni, nchi hukatika ghafula miguuni pake. Chini sana, yapata mita 100 na mahali pengine zaidi, liko ziwa. Siku nyingine rangi yake ni buluu iliyokolea, siku nyingine ni kijani, kwa kadiri ya mwanga na vijimea vidogo vilivyomo majini. Upana wake wote ni kilomita za mraba 4 na kidogo, na kina chake chapita mita 90. Akigeuka magharibi siku ya wazi humwona Mawenzi na meno yake, na Kibo nyuma yake.

Mpaka wa Tanzania na Kenya wapita katikati ya maji hayo. Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886 kugawana nchi hizi, na mstari wao ukalikata ziwa vipande viwili. Samaki, bila shaka, hawakuarifiwa.

WALIOTANGULIA

Watu wa Rombo na wa Taveta walilijua ziwa hili tangu kale. Masimulizi ya zamani husema kwamba palikuwa na kijiji mahali hapo, kikazama pamoja na watu na ng'ombe wake, na kwamba sauti zao zilisikika kutoka majini. Tusicheke masimulizi hayo. Aliyeyatunga aliitazama nchi vizuri, akaona kwamba hapa ardhi ilididimia. Tutaona baadaye kwamba wataalamu wa miamba husema neno lilo hilo, ijapokuwa jambo lenyewe lilitukia zamani mno, kabla hapajawa na kijiji chochote.

Mwaka 1871 mmisionari Charles New alilifikia ziwa katika safari yake ya Kilimanjaro. Miaka ishirini baadaye, 1891, alikuja mwanamke wa Kimarekani, May French-Sheldon. Alitoka Mombasa na msafara wake mwenyewe wa wapagazi, jambo ambalo Wazungu wengi wa siku zile waliliona kuwa haliwezekani kwa mwanamke. Wapagazi walimwita Bibi Bwana. Alishuka kuta za Chala, akapanda chombo cha shaba chenye kuelea, akalizunguka ziwa ukingoni mwake. Mwaka 1892 alichapisha kitabu cha safari yake, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokewa katika Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Wanafunzi wa kike wasiipite habari hii haraka. Hata hivyo kitabu ni chake, na chombo na mizigo ilibebwa na watu wa pwani na wa nchi yetu, ambao majina yao wengi hayakuandikwa.

MASWALI MATATU YA MWENYE KULIZUNGUKA ZIWA

Tuseme kwamba nasi tumepata chombo imara, ruhusa ya wenye mamlaka, na kiongozi mwenyeji. Kila mmoja amevaa koti la kuelea, kwa maana maji yana kina tangu karibu na ukingo, na mamba wamejulikana kuwamo. Tunalizunguka ziwa polepole upande wa Tanzania, na tunajiuliza maswali matatu: Kuta hizi zilifanywa na nini? Maji haya hutoka wapi? Na chini yake kuna nini?

Swali la kwanza: kuta. Ukingoni kuna ukanda mwembamba wa miti ya kijani, na juu yake mwamba umesimama. Ukitazama mwamba kwa makini hutaona mikwaruzo mirefu iliyolala kama ile iachwayo na barafu. Utaona jiwe lililofanywa kwa jivu la volkano lililoshikana, na ndani yake vipande vya mawe vikubwa kwa vidogo, vyenye pembe kali, vimechanganyika ovyo kama kokoto katika zege. Barafu husugua, haitupi. Mawe haya yalitupwa.

Mlima Kilimanjaro una vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, kila kimoja volkano. Mbali na hivyo, mitelemkoni mwake kuna vilima vidogo vya volkano zaidi ya 200. Mawenzi yasemekana ilikoma kutoa moto yapata miaka 450,000 iliyopita. Chala ilizaliwa baadaye, yapata miaka 250,000 iliyopita. Moto na mvuke vilivyofungwa chini ya ardhi vilipasuka kwa nguvu, vikatupa jivu na mawe pande zote, na mawe hayo yakajenga ule ukuta wa duara. Kisha ardhi ya katikati, ikiwa imebaki wazi chini yake, ikadidimia. Shimo la namna hiyo huitwa kaldera. Basi kuta za Norwei zilichongwa kwa kupunguzwa, na kuta za Chala zilijengwa kwa kurundikwa na kuzamishwa. Fiyodi ni ndefu na ina mdomo wa bahari; Chala ni duara, na mdomo haina.

Swali la pili: maji. Hapa ndipo fumbo lenyewe. Lizunguke ziwa lote, hutaona mto uingiao. Lizunguke tena, hutaona mto utokao. Maji yatokayo juu ya kuta wakati wa mvua ni machache, kwa sababu kuta ziko karibu sana na ziwa na hazikusanyi maji ya nchi kubwa.

Sasa tufanye hesabu ya darasani. Mvua iangukayo ziwani kwa mwaka ni kadiri ya milimita 600. Jua na upepo huvukiza kadiri ya milimita 1,700. Ziwa hupoteza milimita 1,100 zaidi ya lipatazo, yaani mita 1 na sehemu ya kumi. Kwa kina cha mita 90, ziwa lingekauka kwa muda wa miaka 80 na ushei. Mtoto ambaye angalizaliwa siku ile French-Sheldon alipopanda chombo chake angaliweza kuliona likikauka katika uzee wake. Lakini halijakauka. Kwa hiyo lazima liwe na mlango mwingine wa kuingizia maji, na mlango huo hauonekani kwa kuwa uko chini ya ardhi.

Wala hilo si lote. Maji yote ya ardhini hubeba chumvi kidogo. Sufuria ya chai ikichemshwa kila siku huota ukoko mweupe ndani, kwa sababu maji huondoka na chumvi hubaki. Ziwa lipotezalo maji yake kwa jua peke yake huwa chungu, kama lilivyo Ziwa Natron. Maji ya Chala ni baridi, hayana chumvi ya namna hiyo. Basi twajua kwamba ziwa lina mlango wa pili, nao pia uko chini, ambao maji hutokea pamoja na chumvi zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1970 ulizipima alama za atomi zilizomo katika maji ya ziwa na ya ardhini ili kuipata hesabu hii, na ukathibitisha kwamba sehemu kubwa ya maji yaingiayo Chala hupita chini ya ardhi.

Maji hayo yaanzia wapi? Si katika nchi kavu ya Holili. Yaanzia juu, kwenye mvua ya mlima. Huko mawingu hukutana na ukanda wa msitu. Mvua huanguka nyingi, na majani, kuvu na mizizi huishika isikimbie. Hupenya polepole katika miamba ya volkano yenye nyufa na matundu, husafiri gizani chini ya migomba na kahawa zetu, na mwisho hutokea: mahali pengine kama chemchemi, na hapa kama ziwa.

Swali la tatu: chini. Chombo cha French-Sheldon kilizunguka juu ya maji. Mnamo Novemba 2016 chombo cha namna nyingine kilifungwa kwa nanga katikati ya Chala: jukwaa lieleaho, lenye mtambo wa kuchimba. Wataalamu wa nchi nyingi, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji, walitoboa matope ya chini ya ziwa na kutoa nguzo nyembamba za mashapo, mpaka wakafika kadiri ya mita 215 chini ya sakafu ya maji. Matope hayo yalilala hapo tangu ziwa lilipoanza. Gawanya mita 215 kwa miaka 250,000, utapata chini kidogo ya milimita moja kwa mwaka. Ndivyo ziwa lijazavyo kitabu chake, ukurasa mwembamba kila mwaka.

Nasema kitabu kwa sababu matope hayo yana mistari. Wakati wa kiangazi chenye upepo, kuanzia Juni mpaka Septemba, upepo huyachanganya maji na kuinua chakula kutoka chini. Vijimea vidogo mno viitwavyo dayatomu, ambavyo huvaa maganda magumu kama kioo, huzaana kwa wingi, hufa, na maganda yao huanguka kama vumbi jeupe. Wakati wa mvua upepo hupungua, na kiangukacho ni mabaki meusi ya mimea pamoja na chokaa. Basi mstari mweupe na mstari mweusi pamoja ni mwaka mmoja, kama duara za shina la mti.

Mistari hiyo haikuvurugwa kwa sababu chini kabisa ya Chala hakuna hewa ya oksijeni. Funza na konokono hawaishi huko, wala hakuna mto wa kuleta mafuriko. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 uliipima mistari hiyo ukaonyesha kwamba miaka ya La Niña, ambayo kwetu huwa mikavu yenye upepo mwingi, huacha mistari minene. Na miaka ya El Niño, yenye mvua nyingi na upepo dhaifu, huacha mistari myembamba. Matope hayo yasimulia pia ukame mkubwa uliotupata yapata miaka 16,500 iliyopita, wakati wa mwisho wa enzi ya barafu. Maji ya ziwa yalishuka sana nyakati kama hizo, lakini hayakwisha.

MAMBO YALIYO HATARINI

Msomaji aweza kuuliza: Haya yatusaidia nini sisi wakulima na watoto wa wakulima? Twamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni samaki. Katika Chala kuna perege ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1889 mtaalamu Albert Günther wa London alipewa samaki hao, waliokusanywa na H.C.V. Hunter, akawapa jina la kitaalamu Oreochromis hunteri. Sehemu ya kwanza ya jina hilo yatoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mlima. Baadaye jina hilo la ukoo likatumika kwa perege wengine wengi wa Afrika. Kwa hiyo perege wafugwao katika mabwawa toka Misri mpaka China hubeba jina la mlima kwa ajili ya samaki wa Chala. Leo samaki huyo amewekwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Watu walileta ziwani aina nyingine za perege, nao hushindana naye kwa chakula na mahali. Ziwa lililofungwa halina pa kukimbilia. Kilichoingizwa kwa ndoo moja hakiwezi kutolewa kwa mashua elfu.

La pili ni maji, nalo latugusa sote. Watu wengi huihuzunikia barafu ya Kibo, na ni kweli yapungua: mwaka 1912 ilikuwa kadiri ya kilomita za mraba 11, na mwaka 2011 hazikubaki hata 2. Lakini barafu hiyo ni kidogo mno kuweza kuzilisha chemchemi zote za mlima. Mlishaji mkubwa ni mvua ishikwayo na msitu. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ilifaa. Hata hivyo sheria haizimi moto uliokwisha washwa na mrina asali asiyejali, wala hairudishi mkuyu uliokatwa juu ya chemchemi. Mti ukatwao juu Mkuu hauonekani Chala siku hiyo. Maji husafiri taratibu chini ya ardhi, na hasara nayo husafiri taratibu. Akatae kwa shoka huenda asiwe yule atakayekosa maji. Atakayekosa ni mjukuu wake, au jirani wa Taveta asiyemjua.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Walipochimba mifereji waliweka zamu za maji, na aliyevunja zamu alitozwa faini, kwa kuwa maji ya juu na maji ya chini ni maji mamoja. Kanuni ile ya mfereji ndiyo kanuni ya mlima mzima, isipokuwa mfereji wa Chala umefunikwa, na hakuna mzee wa zamu awezaye kusimama kando yake akautazama.

MANENO YA MWISHO

Kama mwalimu wako atakupeleka Chala, usishuke bila kiongozi, usiogelee, usitupe kitu majini, wala usibebe samaki hai kuingiza au kutoa. Chukua daftari, kalamu, na uzi mrefu wenye jiwe la kupimia kina. Chora ukuta jinsi ulivyo, si jinsi kitabu cha Norwei kinavyouonyesha. Na kama hutapata nafasi ya kwenda, nenda kwenye chemchemi iliyo karibu na nyumbani kwenu, uulize maswali yale yale matatu. Wazazi nao waulizwe: chemchemi hii ilitoa maji kiasi gani walipokuwa watoto? Majibu yao yaandikwe, yawekwe tarehe, yaletwe shuleni. Ziwa limeandika habari zake kwa miaka 250,000 bila kukosa mwaka; hatushindwi kuandika za kwetu kwa muhula mmoja.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya fiyodi, hori na kaldera. Toa mfano mmoja wa kila kimoja.

2. Upana wa Ziwa Chala tuuhesabu kuwa kilomita za mraba 4.2. Ikiwa jua hulipunguzia mita 1.1 zaidi ya mvua kila mwaka, ni mita ngapi za ujazo ambazo lazima ziingie kutoka chini ya ardhi ili ziwa lisishuke? Kwa nini hesabu ya kweli lazima iwe kubwa kuliko jibu lako?

3. Mtu akikuambia, "Chala haina mto, kwa hiyo hakuna awezaye kuidhuru," utamjibuje?

4. Chora mkato wa mlima tangu Mawenzi mpaka Ziwa Chala. Onyesha msitu, mashamba, nchi kavu, ukuta wa ziwa, na njia ya maji chini ya ardhi.